Hapo Hapaonekani, Mzee

Saa yangu ina uwezo wa kuzama mita 300 chini ya bahari. Imeandikwa hivyo usoni mwake, na mimi si mtu wa kubishana na Waswisi. Bahari yenyewe hunifika kiunoni pale Kigamboni, nikageuka kutafuta chai. Kioo chake ni cha yakuti, hakikwaruziki kwa funguo wala kwa sarafu. Basi chombo hicho kilichoandaliwa kwa ajili ya papa na vilindi kimeshindwa na jambo moja: kubadilishwa mkanda.

Niliinunua kwa shemeji yangu wa Muscat kwa bei ya undugu, yaani aghali kuliko dukani, tena bila risiti. Ilikuja na cheni yake ya chuma, nzito, inayonyofoa malaika ya mkono kila nikinyanyua kikombe. Kwa hiari yangu ningeiacha vilevile mpaka siku ya kuvuliwa na waosha maiti. Lakini nyumbani kwangu kuna kamati ya mavazi. Mama watoto alisema cheni haiendi na kanzu, akaleta mkanda wa ngozi kwa ajili ya Idi. Binti yetu akaleta wa mpira, eti joto la Dar es Salaam halitaki ngozi. Kaka yake akaleta wa nailoni wenye mistari, maana ndivyo alivyovaa James Bond.

Nikaitazama hiyo filamu, Goldfinger ya mwaka 1964. Mkanda wa Sean Connery, Bond mwenyewe, ni mwembamba kuliko nafasi yake, saa inachungulia pande zote mbili, na hakuna jambazi hata mmoja aliyemcheka. Mkanda wangu ukipungua milimita moja tu, naitishiwa kikao cha ukoo.

Asiyewahi kubadilisha mkanda wa saa hudhani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kasha la saa lina masikio mawili juu na mawili chini. Katikati ya kila jozi kumelazwa kipini chembamba chenye springi tumboni, na ncha zake mbili zimeingia kwenye vitundu vilivyochimbwa upande wa ndani wa masikio, mahali ambapo hata aliyevichimba havioni tena. Ili kukitoa, unapenyeza kijichuma chenye ncha nyuma ya mkanda, unapapasa, unabonyeza, unavuta huku ukimtaja Mungu. Ikiwa ni cheni, nafasi uliyoachiwa kati ya chuma na chuma ni ya unywele. Na hicho kijichuma ni kigumu kuliko kasha. Mkono ukitetereka, anayeumia anajulikana. Kipini nacho kikiponyoka huruka kama panzi, ndiyo maana hapa kwangu ni marufuku kufagia chini ya kabati bila kuniita.

Kukirudisha ni balaa jingine. Ncha inateleza ukutani mwa sikio ikitafuta kitundu chake, na kila inapopita inachora, mpaka usikie "tik". Wakati mwingine unaisikia hiyo "tik" na bado haijaingia. Utajua kesho kwenye daladala, saa ikiwa chini ya kiti.

Wala kuacha cheni mahali pake siku zote si salama. Jasho na vumbi vinajipenyeza pale inapokutana na kasha, kiungo kinaanza kucheza kidogo kidogo, na baada ya miaka kinakuwa kimejichimbia mfereji. Ukibadilisha unakwaruza, usipobadilisha inajitafuna yenyewe. Niambie basi hiyo pesa nililipia nini.

Nikaona kazi hii ina wenyewe. Nikaenda Kariakoo kwa fundi saa, mwenye kijisanduku cha kioo na lenzi jichoni. Lenzi ile ilinipa imani kubwa. Sikutazama mkononi, ambako kulikuwa na kisu cha kumenyea machungwa. Nilisikia sauti ambayo mwenye saa hapaswi kuisikia. Fundi akapuliza, akafuta kwa shati, akasema kwa upole, "Hapo hapaonekani, mzee. Mkanda utafunika."

Nikamwambia mimi nitajua kwamba pana mkwaruzo. Akanitazama kwa huruma ile ya daktari, kisha akaniuliza kama aipige polishi. Nikainyakua saa yangu. Polishi haiondoi mkwaruzo, inaondoa chuma kilichouzunguka mpaka vyote vilingane. Ipige mara kadhaa, yale masikio yaliyokuwa na kona kali yanabaki vidonge vilivyomung'unywa. Wakusanyaji wa saa za kale huwa radhi kulipa zaidi kwa saa yenye makovu na kona zake kuliko iliyong'arishwa ikapoteza umbo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. Zamani saa nyingi vitundu vyake vilitobolewa mpaka nje. Ulichukua kipini kingine chembamba, ukasukuma kutoka upande wa nje, mkanda ukatoka na kasha halikuguswa. Submariner za Rolex zilikuwa na matundu hayo kwa miongo mingi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaanza kutoka bila hayo, sikio likawa laini, la kupendeza. Wakati mabinti wa mjini wanatoboa masikio matundu matatu matatu, saa zinaziba.

Jeshi la Uingereza lilikuwa na akili zaidi. Baadhi ya saa za askari wake zilikuwa na vipini visivyotoka kabisa, na mkanda wa nailoni ukapitishwa chini yake. Mwaka 1973 wizara yao ya ulinzi ikauandikia mkanda huo vipimo rasmi. Nadhani walijua vizuri askari akiachiwa bisibisi na muda wa mapumziko atafanya nini.

Wengine wameshajirekebisha. Cartier mwaka 2018 waliirudisha saa yao ya Santos ikiwa na kitufe chini ya mkanda: unabonyeza, umeutoa. Na mkanda wa mpira wa machinga, nao una kishikio kidogo cha kuvuta kwa ukucha. Wenye nacho sana wamehudumiwa, wasio nacho wamehudumiwa. Tulioachwa na kijichuma mkononi ni sisi tulionunua kwa shemeji.

Januari ilipokaribia na ada zake, nikataka kujua saa ina thamani gani. Kujua tu. Akaja dalali mmoja, kijana mstaarabu, akanywa chai, akasifia nyumba, akasifia maandazi. Kisha akatoa lenzi. Hakutazama uso wa saa, hakuiweka sikioni, hakuuliza ilitoka wapi.

"Naomba niufungue mkanda kidogo, mzee wangu."

"Hapo hapaonekani, kijana."

"Ndiyo maana naufungua."

Akatoa kijichuma chake, akapenyeza, akabonyeza. Mama watoto alikuwa jikoni na bado aliisikia ile sauti. Dalali hakutikisika. Aliinama, akahesabu kwa kidole, akanyanyua kichwa.

"Mikwaruzo minne, mzee. Kwenye bei nakata laki mbili kwa kila mmoja."

"Wa nne umeuchora wewe sasa hivi, mbele ya macho yangu!"

Akarudia kuutazama kwa makini, akakubali.

"Kweli, huo ni mpya. Basi huo nakata laki moja tu."