Ukitaka Mkalimani wa Utafiti, Anzia Kambarage

Umefika Shinyanga. Una kibali cha COSTECH, barua ya mkoa, barua ya wilaya na dodoso nene lililotungwa kwa Kiingereza. Kilichobaki ni mtu wa kumuuliza bibi maswali hayo kwa Kisukuma. Panga chumba Kambarage, kata ya mjini humo, kisha mtafute hivi.

Mkwepe anayekuja kabla hujamwita. Ana cheti na Kiingereza kilichonyooka, na atakujibu swali bibi akiwa bado anawaza. Huyo mpe ripoti atafsiri. Unayemtaka utampima uani. Mpeleke kwa bibi, wewe ukae kimya uone anavyosalimia. Akisema "mwadila" amesimama wima, macho kwenye simu, mshukuru mrudi mjini. Akiinama, akajitaja ni wa nani, akauliza mvua na ng'ombe mpaka wewe uchoke, anza kumlipa siku hiyohiyo.

Mtendaji wa kijiji mpe barua yako, muage. Yeye ndiye mkusanya michango, kwa hiyo mbele yake kila kaya ina choo na kila mtoto yuko shuleni. Machimboni Geita ni vilevile. Unataka kuuliza habari za zebaki, ambayo Tanzania iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Ukikalimaniwa na mpwa wa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, utaandika kwamba mwaloni, wanakochenjulia dhahabu, watu wote huvaa glavu. Tafuta aliyewahi kuponda mawe au kubeba viroba, anayejua mgao unavyokwenda kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na ambaye hadai wala hadaiwi pale.

Linaloniuma zaidi ni la vikongwe. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu, na mekundu hayo ni ya moshi wa jikoni. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, lakini wapo waliowageukia pia watuhumiwa wa uchawi. Sasa wewe unamleta kijana wa sungusungu akalimani, halafu unashangaa bibi anajibu "sijui" kwa kila swali! Tafuta mwanamke, mtu mzima, tena wa kijiji kingine. Jirani yake huenda ndiye aliyemnyooshea kidole, na maneno ya mchana huu yanaweza kumfuata usiku baada ya wewe kupanda basi.

Ukishampata, mkae siku nzima mpitie dodoso. Atafuta maswali, mwache afute. Anajua lipi ni matusi kumuuliza mkwe na lipi halina jibu kwa mtu ambaye hahesabu ng'ombe zake mbele ya mgeni. Bibi akiridhia, rekodi mahojiano, kisha umpe mkalimani wa pili ambaye hakuwepo, atafsiri peke yake. Wanapotofautiana, rudi kwa bibi ukaulize tena. Posho ya wote wawili iwe kwenye bajeti tangu Dar es Salaam, isiwe chenji iliyobaki ya mafuta ya gari. Na wakikubali, majina yao yaandikwe kwenye ripoti, ukurasa uleule lilipo lako.