Tuwape Magugu Nishani

Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki zamani sana, alimsifu inzi. Erasmus akachapisha sifa za upumbavu mwaka 1511. Wote wawili walikosa bahati ya kukaa Lubumbashi, la sivyo wangejua kwamba anayestahili sifa ni gugu linaloota katikati ya avenyu, nyuma ya bango linalotangaza bustani. Kazi waliyoiacha naimalizia mimi. Nitamwita Mzee Gugu, maana hakuna mtumishi wa mji huu aliyedumu kazini kama yeye.

Jina lake la kitabuni ni Tithonia diversifolia, ukoo wake ni wa alizeti, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Hakuingia Afrika kwa kuvizia mpaka usiku. Aliletwa kwa heshima zote awe pambo la nyumba za wakubwa, kisha akaruka ukuta akajiajiri. Leo yupo Katuba, yupo Ruashi, yupo Kampemba, yupo kando ya reli na katika kila lupango ambao mwenyewe yuko Ulaya au mahakamani. Anafika mita 2, hata 3. Mvua zinapoaga hufungua maua makubwa ya manjano, na mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa Luano huyapiga picha na kuwapongeza wenyeji kwa bustani zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamemwandika miongoni mwa mimea vamizi ya mji. Magharibi mwa Kenya wakulima humfukia shambani awe mbolea. Wasifu wa namna hii ni wakurugenzi wangapi wanao?

Fadhila yake kuu ni uaminifu kazini, na hapa naomba msomaji akae vizuri kwa sababu sina haraka. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, Mzee Gugu ameripoti. Hangoji barua ya uteuzi, wala hatafuti shangazi wa kumsemea Kinshasa. Ni N.U. halisi, yaani nouvelle unité, kama walimu wetu wanaofundisha mwaka baada ya mwaka huku majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara. Tofauti ni kwamba yeye hadaiwi kodi ya nyumba. Siku ya ville morte, maduka yote yamefungwa, yeye yuko kazini. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, wakubwa wakiwa jukwaani, yuko kazini, na pengine ndiye pekee. Hajawahi kuomba hati ya safari, wala posho ya semina, wala gari la ofisi. Hajawahi kumtuma shemeji akae kwenye kiti chake.

Tena hana chama. Mji huu uliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, ukawa Lubumbashi. Jimbo likaitwa Katanga, likawa Shaba mwaka 1971, likarudi Katanga mwaka 1997, likakatwa vipande mwaka 2015 tukabaki na Haut-Katanga. Kila mara mihuri ilichongwa upya, mabango yakapakwa rangi, karatasi zenye kichwa cha zamani zikaenda kufungia karanga. Majani yaliota vilevile. Zaire ilipochagua bendera ya kijani, yalikuwa yameshavaa. Miaka ya 1970, wakati wa salongo, watu walitolewa majumbani Jumamosi na majembe ili kupambana na ukoo huu, na wazee wanasema ilipofika katikati ya wiki ukoo ulikuwa umesharudi kazini, bila kinyongo, bila kudai fidia.

Fadhila nyingine nazitaja kwa mbio. Anatunza siri: chupa za plastiki, ukingo wa barabara ulioishia nusu, mdomo wa mfereji uliozibwa tangu mvua za zamani, vyote kavifunika na hamwambii mtu. Anampa polisi wa barabarani mahali pa kujificha, ili atokee ghafla na kuulizia matabishi. Ni choo cha wapita njia, na hana maandishi ya kukataza. Majani yake ni machungu, na wapo wanaoyachemsha kutibu malaria. Kwa hiyo humpangishia mbu chumba, na humwuzia mgonjwa dawa. Mfanyabiashara kamili.

Kwa kuwa mbu ametajwa, mji huu una historia naye. Wabelgiji waliacha ukanda mtupu wa kama mita 700 kati ya mji wa Wazungu na cité ya Waafrika, hoja mojawapo ikiwa kwamba mbu aliyetuuma sisi hatafika upande wa pili. Ndiyo maana nikisikia watu wakililia bustani za wakati ule, na jakaranda zinazochanua Septemba, najiuliza wanakumbuka nani alimwagilia, nani alifagia, na nani alikatazwa kuketi chini ya kivuli chake. Mzee Gugu angalau habagui. Anaota kwa tajiri na kwa maskini, ingawa kwa tajiri hukatwa mapema.

Kwa maskini anakula njia ya miguu. Watoto wakitoka shule hushuka barabarani kwa sababu upande wao kuna ukuta wa majani unaowapita kimo, na manseba akipinda kona na pikipiki yake hawaoni, nao hawamwoni. Hapo sifa zangu zinanikwama kooni. Mwezi mzima mama mmoja wa mtaani amekuwa akisimama pale asubuhi kuwavusha watoto wa wenzake, na kazi hiyo hakuna aliyempa mkataba.

Mkataba anao mwingine. Mzee Gugu, kwa unyenyekevu wake, asingefika mbali peke yake. Ana mshirika, yaani kampuni iliyopewa kutunza bustani za barabarani. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka kazi za umma zitangazwe na makampuni yashindane, na kupatana wawili faraghani kuwe jambo la nadra. Mzee Gugu na mvua walipatana faraghani na hawajawahi kuchelewa hata siku moja. Washindani wa zabuni ndio tunaowangoja.

Jinsi mambo yanavyokwenda kwenye avenyu yetu, yeyote mwenye dirisha anaweza kuyasoma. Kampuni inalipwa kwa eneo lililokatwa. Malipo yanachelewa, nayo haitoi panga hadi yaonekane. Novemba gugu ni laini, mtoto angeling'oa kwa vidole viwili: hakuna pesa. Februari lina kimo cha mtu: faili iko kwa mkubwa, mkubwa yuko misheni. Aprili na Mei linatoa maua, tunapiga picha. Kisha mbegu zinakauka, na hapo ndipo lori linafika, vijana wanashuka, mapanga yanapaa, na kila pigo linamwaga mbegu pande zote kwa ustadi ambao hakuna mkulima anayeufikia. Tunalipa watu watupandie magugu. Tena visiki vinaachwa, na kisiki cha Mzee Gugu kikipata mvua huchipua matawi mengi kuliko yaliyokatwa. Kummaliza lazima umng'oe na mizizi yake kabla hajachanua, lakini mkataba umeandikwa kukata. Na ni kampuni gani itang'oa mkataba wake wa mwaka ujao kwa mikono yake yenyewe?

Usidhani hawapandi vitu vingine. Hupanda. Julai, kiangazi kimekolea, vumbi jekundu linapanda hadi ghorofani, huja na nyasi za mikeka na miche ya miti, na kamera. Kupanda kunalipwa, kumwagilia hakumo. Majumbani kwetu kwenyewe bomba linakohoa hewa, sembuse katikati ya barabara. Agosti miche imekuwa kuni, na Oktoba hakuna anayekumbuka ilisimama wapi. Mche mmoja ulioponyoka, jakaranda, ulikatwa na kijana wa panga pamoja na magugu yaliyouzunguka. Alilipwa kwa mita, si kwa kubagua.

Simlaumu kijana yule. Wala wale akina mama wa mifagio wenye fulana za rangi ya machungwa. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini wanaacha majani yaliyokatwa yaanguke mferejini, akaegemea fagio na kunitazama kama mtu aliyetoka mbali sana. "Makuta iko wapi, papa?" Mshahara wake ulikuwa umelala kwa mtu anayengoja kulipwa na mtu mwingine, ambaye naye anangoja saini.

Basi nikaifuata hiyo saini. Tuna sheria ya mwaka 2008 iliyoupa mji na komini zake uwezo wa kujiendesha na mifuko yao wenyewe, ingawa meya bado anateuliwa kwa amri kutoka Kinshasa na wala si sisi tunaomchagua. Nilitaka kujua mita moja ya mraba ya Mzee Gugu hukatwa kwa bei gani, na ni nani anayethibitisha kwamba imekatwa. Biro ya kwanza ilisema mambo ya barabara si yao, ni ya mkoa. Biro ya mkoa ikasema barabara ni yao, ila kinachoota juu yake ni cha mji. Katika biro ya mwisho nilimkuta karani mpole, akanipa kiti, akafungua daftari, akaniuliza naiwakilisha kampuni gani. Nikamwambia mimi ni mkazi tu. Akafunga daftari taratibu, akanieleza kwamba jalada hili ni la makampuni, mkazi hana ukurasa humo. Lakini nikifungua kampuni ya kwangu, papa, nirudi kabla ya Juni.