Ekzosi Mbea

Pikipiki nyingi hubeba ekzosi upande wa kulia, ndiyo maana mzoefu wa bodaboda hapa Dar es Salaam huna haja ya kumhoji. Mtazame kigimbi cha mguu wa kulia. Doa lipo. Hiyo ndiyo dhambi ya kawaida ya ekzosi na tumeshaizoea. Ya kwangu iliongeza ya pili: umbea.

Chanzo ni tuta. Mtaani kwetu Tabata matuta hayajengwi, yanaota. Jioni unapita njia imenyooka. Usiku wananzengo wanachangishana vifusi. Alfajiri tairi la mbele linapaa na bomba linatua juu ya tofali. Likapata ufa shingoni, pale linapokunja kutoka kwenye injini. Ufa wenyewe hata ukucha hauingii, lakini mdomo uliokuwa nao! Ukivuta mafuta, unanguruma. Ukiachia, hewa ya nje inanyonywa ndani, inakutana na petroli isiyoungua kwenye bomba la moto, halafu risasi: pa! pa!

Tangu hapo sikuwa na siri. Mama wa vitumbua alinisikia nikiwa bado ng'ambo ya reli, akafunga vyangu kwenye gazeti kabla sijaonekana. Mjumbe akanisimamisha kwa upole: "Kijana wangu, jana saa saba kasoro usiku. Kuna usalama?" Karibu na msikiti nilizima injini nikasukuma, maana kuna mambo mtu hataki kuyajibia kesho akhera. Kwenye taa za Buguruni trafiki alinipungia mkono nisogee pembeni, nami nilikuwa bado gari la nne kutoka mbele.

Kijiweni kila mtu alikuwa daktari. Dawa ya kwanza ilikuwa kopo la soda: likate, lizungushe kwenye ufa, libane kwa klipu mbili za mpira wa maji. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka rangi ya kopo ilipoanza kuungua na abiria wangu, shemeji yangu, akauliza nani anachoma taka. Ya pili ilikuwa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayoikoroga. Gundi hiyo ni ya kuheshimika kwenye tangi la maji. Shingoni mwa ekzosi, sentimita chache kutoka kwenye silinda, ilikauka ikabanduka kama ukoko wa wali, kipande kimoja Ilala, kingine Mnazi Mmoja.

Ndipo nikampelekea fundi wa jirani, bingwa wa mageti. Akachukua sumaku, akaigusisha kwenye bomba. Haikunasa. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Bosi, hiki si chuma." Nikamwambia ni stenlesi. "Stenlesi ndiyo hiyo," akasema, "si chuma." Kwa kweli ni chuma, kilichochanganywa na angalau asilimia 10.5 ya kromiamu, na kromiamu hiyo ndiyo inayokitengenezea ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. Zile zenye nikeli ya kutosha hazishikani na sumaku, basi. Lakini fundi akiwa ameshavaa miwani ya jua ya kuchomelea, mjadala umefungwa.

Akapiga vijiti vyake vilevile vya mageti. Bomba lenyewe lina unene wa milimita moja na kidogo. Geti haliko hivyo. Ufa wa ukucha ukawa tobo la kidole. Hakutahayari hata chembe. Akakata kiraka kwenye bati la kuezekea, akakichomelea juu, moshi mweupe ukatanda banda zima, tukakohoa wote hadi kuku. Moshi ule ni zinki ya bati inayoungua, na humletea mtu homa usiku. Fundi akaagiza pakiti ya maziwa, akaniletea na mimi. Mafundi wanayaamini sana maziwa. Mimi nilihomeka vilevile, ila nimeshiba. Kiraka nacho, kwa upepo wetu wa chumvi, kikaanza kutoa machozi mekundu kabla hata sijamaliza kumlipa.

Gerezani nilielekezwa kwa mzee mmoja anayechomelea kwa gesi ya agoni. Hakuuliza ekzosi ina nini. Alishika kile kiraka kwa vidole viwili, akakigeuza, akauliza: "Nani kakuchezea hapa?" Nikasema ni fundi fulani. Kila fundi duniani ana fundi fulani wa kumlaumu, na nadhani hata yule wa mageti sasa hivi anamsema mtu.

Mzee akachomoa nyaya za betri kwanza, ili umeme wa mashine usije ukaunguza vifaa vya pikipiki. Akakata sehemu yote iliyoharibika kwa grainda, akachagua kipande kwenye rundo la vyuma chakavu: reli ya ngazi ya ghorofa. Akakishikiza kwa madoa madogo bomba likiwa bado limefungwa kwenye injini, ndipo akalifungua, akaziba ncha zote mbili kwa karatasi na kuingiza agoni ndani. Bila hivyo, aliniambia, mshono kwa nje utang'aa huku kwa ndani umevimba vipele vyeusi.

Kisha akachomelea urefu wa nusu kidole, akaweka chini, akaagiza kahawa. Nusu kidole, kahawa. Nilidhani ananila muda. Kumbe chuma hiki hutanuka kuliko chuma cha kawaida karibu mara moja na nusu, na joto hukaa palepale halisambai. Ukikiharakisha kinapinda, na tundu za boliti hazikutani tena na injini. Nilikunywa kahawa na kashata mpaka mapigo ya moyo yakazidi ya pikipiki.

Lilipopoa, mshono ulikuwa na magamba madogo yaliyopangana, pembeni rangi za majani makavu, zambarau na bluu. Moto ndio unaozileta rangi hizo. Vijana wa kijiweni hawakutaka kusikia habari za moto. Walichuchumaa, wakapiga picha, wakauliza nimepaka rangi wapi. Nikawaelekeza Gerezani.

Siku chache baadaye simu ikaita. "Bosi," mzee akasema, "nina vijana hapa na ekzosi nzima kabisa, haina tobo. Wanataka niichomelee bluu. Wanasema wametumwa na wewe. Niwafukuze?"

"Wachaji," nikasema.

Jioni ikaingia elfu tano kwenye simu yangu, na ujumbe wa neno moja: soda.