Namna ya Kuiba Hadithi Sombetini Bila Kukamatwa

Sogea karibu, ndugu yangu, haya ni ya wewe na mimi. Unataka kuitwa mwandishi. Unataka siku moja, tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, jina lako litajwe ukumbini Taasisi ya Elimu Tanzania inapotoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na yule jirani aliyekucheka akuone kwenye televisheni. Tamaa hiyo usiionee haya. Itunze, ndiyo itakayokuamsha alfajiri.

Tatizo lako ni moja tu. Unakaa mbele ya daftari tupu ukingoja wazo likushukie. Halitashuka. Nenda ukaliibe, na njia ni hizi.

Kwanza, zikimbie mada kubwa. Shuleni tulipewa "Siku nisiyoisahau", tukaandika wote insha ileile: jua lilichomoza, ndege waliimba, tukala pilau. Mada pana humpa mvivu mahali pa kujificha. Wewe jiulize kitu kidogo, hata cha kuudhi: siku hiyo usiyoisahau, ulivaa viatu vya nani? Kama vilikuwa vya kuazima, tayari una mwenye viatu, una sababu ya kukosa vyako, na una saa ya kuvirudisha. Mapenzi, uhuru na umuhimu wa elimu waachie watu wa hotuba.

Pili, soma kuta. Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo usiende mbio. Shuka Mbauda, hapa Arusha, iache barabara ya Dodoma, ingia mitaa ya ndani ya Sombetini kwa miguu. Utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Simama. Mwenye nyumba ambayo kweli haiuzwi hana sababu ya kununua rangi. Mtu alishakuja na dalali. Nani huyo? Kaka mkubwa? Shemeji? Mke wa pili ambaye wenzake walimjua siku ya msiba? Hati anayo nani, na kwa nini kila akiulizwa anasema iko benki? Na aliyeshika brashi, aliandika mchana watu wakimwona, au usiku?

Maneno matatu, na tayari una ukoo mzima unaogombana. Usibishe hodi kuuliza ukweli, maana ukweli wa nyumba ile ni wa wenyewe. Wewe chukua swali tu. Ihamishie nyumba Ngarenaro, mjane mfanye mjomba, duka la mbele liwe kinyozi. Ukishabadili vitu vitatu, hata mwenye ukuta atasoma hadithi yako akidhani unamsema jirani yake. Hivyo ndivyo mwizi mzuri anavyoishi vizuri na mtaa, na ndivyo unavyomlinda mtu ambaye hakukutuma umwandike.

Ukimaliza kuta, yapo majina ya kanga, maandishi ya nyuma ya bajaji, na vibao vya chumba kinapangishwa. Kanga peke yake itakulisha mwaka mzima. Mwanamke hanunui jina asilokuwa na mtu wa kumpelekea.

Tatu, usiufute ule ujumbe wa matapeli. Unaujua: ile hela itume kwenye namba hii. Watanzania tumeuzoea mpaka tunaufuta bila kuusoma. Safari hii uchukulie kuwa umetumwa kwako kweli. Hela ipi? Kama leo kuna mtu mmoja duniani mwenye haki ya kukuandikia hivyo, ni nani?

Umeona? Jina limekuja lenyewe, na umenyamaza. Huenda hata si deni la fedha. Ni rafiki uliyeacha kumpigia simu alipofiwa, ukaona aibu, aibu ikakua, sasa ukimwona stendi unageukia upande mwingine. Mwandikie yeye, ukurasa mmoja, kwa jina lake halisi. Huna haja ya kuutuma. Mtu akikwambia uandishi wa kujitafakari unahitaji utulivu wa mlimani na daftari la ngozi, mwonyeshe huo ujumbe wa tapeli.

Nne, anzia mwisho. Ujanja huu waibie watahini wa Kenya. Kwenye karatasi zao za insha, mtahiniwa huweza kupewa sentensi ya mwisho na kuambiwa atunge hadithi itakayoishia hapo. Wanafunzi huliona swali hilo gumu, kumbe wamesaidiwa: anayejua anakoshukia hapotei njia. Kaa karibu na kijiwe cha bodaboda, sikiliza bila kugeuza shingo, mpaka mtu aseme kitu kama "na yeye mwenyewe alijua". Ondoka hapohapo, usisubiri maelezo, yatakuharibia. Iandike sentensi hiyo chini kabisa ya ukurasa, kisha panda nayo juu.

Tano, siku ukiishiwa kabisa, utazame mlima. Meru una mita 4,562, ni volkano, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Tuseme asubuhi moja unatoa moshi. Wewe una dakika kumi na pikipiki moja. Nani anapanda nyuma yako? Jibu kwa ukweli. Halafu hadithi yako iandike kwa macho ya yule uliyemwacha.

Dhamiri ikikusumbua kuhusu wizi, mkumbuke Kaisari. Plutarch aliandika maisha yake kwa Kigiriki, Shakespeare akayachota humo akayafanya mchezo wa jukwaani, na mwaka 1963 Nyerere, akiwa Rais wa nchi, akatupa tafsiri ya mchezo huo kwa Kiswahili. Hakuna kati yao aliyekaa akingoja wazo lake mwenyewe limshukie. Kilichokuwa chao ni jinsi walivyosema. Kwa hiyo swali liibe, hali iibe, sentensi za mwenzako usiziguse. Anayenakili ukurasa wa mtu si mwizi mzuri, ni mvivu, na atakamatwa.

Kuhusu muda, jiibie mwenyewe. Dakika kumi za kungoja daladala ijaze zinatosha. Acha katikati ya sentensi, makusudi, ili kesho usianze na ukurasa mtupu.

Ukimaliza, usimpelekee mwalimu wala msomi kwanza. Msomee kwa sauti mpangaji mwenzako uani wakati anafua. Akiacha kusugua na kukuuliza "ikawaje?", hadithi unayo. Akiendelea kufua, kata aya mbili za mwanzo umsomee tena kesho.