Mimi, Mjomba wa Rubani

Nani alinituma nijue kusoma? Katika boma letu hapa Lokori, Turkana, kuna wanaojua kuchunga, kuna wanaojua kuchinja, kuna hata anayejua kulala mchana kutwa bila kulaumiwa. Mimi nilipelekwa shule. Kwa hiyo kila karatasi inayoingia hapa ni mzigo wangu: fomu ya basari, kadi ya kliniki, maelezo ya dawa ya kuogeshea mbuzi. Na sasa, juu ya hayo yote, barua za mpwa wangu kutoka Eldoret.

Kijana amejiunga na Jeshi la Wanahewa. Tuseme amejiunga na ukuruta, maana makuruta wa nchi kavu, wa majini na wa hewani wote huanzia Eldoret, wakapiga gwaride pamoja kabla ya kila mmoja kupelekwa kwao. Ndege hajaigusa. Wanaosomea urubani ni maafisa, na maafisa huanza kama makadeti kule Lanet, Nakuru. Huyu wetu akifuzu, huenda akafundishwa kukaza nati za ndege, au akakabidhiwa lango la kulinda na ndege ziko ndani. Nimelieleza jambo hili kwa mama yangu, kwa dada yangu, kwa mzee wa mtaa na kwa mwenye duka la sukari. Wote walinisikiliza kwa upole, wakaendelea kumwita rubani.

Ningevumilia, lakini anga letu lina shughuli zake. Mnamo Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari, ikawaleta wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo. Tangu hapo tumezoea kusikia helikopta ikipita kuelekea upande wa Lomelo na Kapedo. Ikipita, watu hawaitazami. Wananitazama mimi.

“Mwambie mpwa wako ametujazia vumbi kwenye uji.”

Mama mmoja wa sokoni ananidai bati la choo. Mzee mmoja anataka tumbaku ya Kitale, tena haoni sababu ya kungoja lori ilhali tuna ndege yetu. Jirani mwingine hanisalimii kabisa, kwa sababu alimpungia kijana mkono na kijana hakumpungia. Nimewaambia kijana yuko Eldoret anamenya viazi. Wanasema hiyo ndiyo siri ya jeshi, na wananisifu kwa kuitunza.

Siku barua inapofika ndiyo mbaya zaidi. Makuruta hawashiki simu, hivyo karatasi husafiri hadi Lodwar, ikarudi Lokichar, ikafika kwetu ndani ya mfuko wa shati wa dereva wa lori la unga, ikinuka dizeli na jasho. Kabla sijaipokea, mji mzima umeshajua ni nene au nyembamba. Nikifika nyumbani mama ameketi kwenye ngozi yake, wazee wako kwenye vigoda vyao vya ekicholong, na watoto wamefukuzwa mara mbili na wamerudi. Hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Kijana huanza kama walivyofundishwa shuleni: yeye mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwetu. Halafu baridi. Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mtoto aliyezaliwa Lokori anapoambiwa aoge maji ya bomba kabla ya jua kuchomoza, huandika kurasa mbili. Halafu mbio. Amepangwa kikosi kimoja na vijana wa Iten na Kaptagat, na afande anashangaa kwa nini yeye hufika mwisho. Mjomba, ananiandikia, hawa watu hawakimbii, wanaondoka tu. Adhabu ya kuchelewa ni kichurachura kuzunguka uwanja. Ilibidi nisimame niwaonyeshe kichurachura ni nini, na goti langu halijanisamehe.

Halafu kitanda. Shuka lazima likazwe hadi lisiwe na kunyanzi hata moja, na ukaguzi ni alfajiri. Kwa hiyo vijana wamevumbua dawa: wanalikaza jioni, kisha wanalala sakafuni.

“Kwa hiyo wamempa kitanda cha kutazama,” akasema mama.

“Ni nidhamu, mama.”

“Hapa alilala chini bila nidhamu, na hatukumkimbiza asubuhi.”

Mzee mmoja ana swali lake la kudumu. Yeye alikuwa Nairobi tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walipoteka redio na Hezekiah Ochuka akajaribu kuwa serikali kwa saa chache. Anakumbuka jinsi Rais Moi alivyolivunja jeshi hilo zima, na lililoundwa upya likabeba mwaka huo katika jina lake kwa muda mrefu. Kila barua ikiisha anakohoa na kuuliza: “Hajataja redio?” Namjibu hajataja. “Vizuri,” anasema. “Akiitaja, mimi sikuwahi kuja hapa.”

Mama hataki redio, anataka mifugo. Barua isiyotaja mifugo kwake haijaandikwa. Nikamsomea basi kipande ambacho kijana aliongeza pembeni kwa herufi ndogo: kwamba kule wanapokimbilia kuna ng'ombe wa maziwa, weusi kwa weupe, wakubwa, wanalishwa ndani ya ua wa waya, na asubuhi wanakutwa palepale.

“Wanalindwa na nani usiku?”

“Hajasema mtu.”

“Bunduki ngapi?”

“Hakuna bunduki, mama. Kuna waya.”

Wazee waligeuka wakatazamana. Baridi, mbio na kichurachura havikuwanyamazisha, lakini waya uliwanyamazisha. Tumempeleka mtoto akajifunze vita mahali ambapo ng'ombe hulala peke yao, sisi tumebaki huku kwenye amani yetu ambamo mchungaji huenda malishoni na bunduki begani. Kisha dada yangu akaanza kulia, eti mwanawe yuko hatarini.

Nilijaribu kumtuliza kwa elimu, kosa la watu waliosoma. Nikamsimulia habari za Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, ambaye alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam. Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na ndege ya mafunzo, Tiger Moth, ilikuwa wazi juu, basi kichwa chake kilitokeza kama cha twiga kwenye gari la mbuzi. Alimwandikia mama yake Uingereza barua za furaha tupu: ameruka chini juu ya nyika ya Kenya, ameona wanyama, hajapata kustarehe hivyo maishani. Hapo nikanyamaza kwa haraka, kwa sababu baada ya hapo kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kina hesabu. Vijana 16 walianza naye Nairobi. Ndani ya miaka miwili 13 walikuwa wamekufa hewani. Yeye mwenyewe alianguka na ndege jangwani, kaskazini mwa Afrika, Septemba 1940, akapasuka fuvu.

“Huyo mama yake alisomewa na nani?” akauliza mama.

“Alijisomea.”

“Basi hakuwa na mtu wa kumkatia habari katikati.”

Kijana anaandika chakula ni kizuri na ananenepa. Ananenepa ukurasa wa kwanza, ananenepa wa pili, na mwishoni ananikumbusha tena niwaambie kwamba ananenepa. Aliyenenepa kweli haandiki hivyo, ila sikusema kitu.

Majibu nayo huandikwa na kamati. Kalamu ni yangu, karatasi ni yangu, na midomo ni ya wote. Dada yangu anatoa ile orodha inayonichosha kuliko zote, ya mambo ya kutoandika. Usiandike ngamia waliochukuliwa. Usiandike milio ya usiku ule. Usiandike kwamba shule imefungwa. Basi nikaandika kwamba mto Kerio umeteremsha maji kidogo, mbuzi wazima, kila mtu anamsalimu. Na kwamba siku ya kufuzu kwao tutakuja Eldoret, ingawa sijui ni nani atalipa nauli ya hawa wote waliokwisha kujiandikisha, kupitia Lokichar, Kainuk, Kapenguria na Kitale, pamoja na yule mzee wa redio anayesisitiza kukaa karibu na mlango.

Nilikuwa nafunga bahasha mama aliponishika mkono. Kuna jambo amelisahau, na hili niliandike kama alivyolisema, nisiongeze Kiswahili cha shule.

“Mwambie akipita hapa asishuke chini sana. Mbuzi wawili wametupa mimba, na mmoja alikuwa wake.”