Vinyweleo Havili Kiapo

Shangazi yangu hutoa ushahidi kwa mkono wa kushoto. Akisimulia jambo na kuona wasikilizaji wanatazamana, hupandisha mkono wa dera mpaka kwenye kiwiko, akatunyooshea: "Haya, tazameni wenyewe. Mwili umenisisimka. Mimi nitadanganya, na vinyweleo navyo vidanganye?" Mjadala umefungwa. Kwa ushahidi huohuo ameshamfukuza fundi bomba, ameshakataa kiwanja cha Chanika, na siku binamu yangu alipomleta mchumba nyumbani, mkono ulitoka kabla chai haijamiminwa. Alituonyesha kwa siri, chini ya kanga, mmoja baada ya mwingine. "Huyu kijana ana kitu." Kijana wa watu amekaa kwenye kochi na sahani ya visheti mapajani, anatabasamu, hana habari kwamba kesi yake inasikilizwa hatua mbili kutoka alipo. Mjomba ndiye aliyenyanyua macho akagundua kwamba Shangazi amekaa chini ya feni, na feni iko namba tano. Ikazimwa. Vinyweleo vikalala. Ndoa ilifungwa, na aliyeanza kucheza ni Shangazi.

Si yeye peke yake. Siku hizi kila msimulizi ana mkono wa kuonyesha. Mhubiri amesisimka, kwa hiyo ujumbe umetoka juu. Mfanyabiashara wa semina za utajiri amesisimka, kwa hiyo lete kiingilio. Mimi nasema shahidi huyu arudishwe kizimbani aulizwe maswali.

Chini ya karibu kila unywele kuna kimsuli kidogo kisichopokea amri ya mwenye mwili. Mishipa ya fahamu inayoharakisha mapigo ya moyo wakati wa hatari ndiyo inayokikaza. Kikikaza, unywele husimama na ngozi pembeni yake hutuna. Paka humfaa sana. Akikutana na mbwa, manyoya husimama, akaonekana mkubwa kuliko alivyo, mbwa akaanza kufikiria upya. Usiku wa baridi, manyoya hayohayo yaliyosimama humtunzia joto. Charles Darwin aliyaandika mambo haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Sisi tumebaki na mitambo, manyoya yenyewe hatuna. Mtu akinitolea macho pale Kariakoo, mwili wangu hujitahidi kwa uaminifu wote kunivimbisha, na adui anachokiona ni mwanamume mwenye vipele. (Wapo watu wachache sana duniani wanaoweza kusimamisha vinyweleo kwa hiari yao. Tangu nijue hilo, namtazama Shangazi kwa jicho jingine.)

Kimsuli hiki hakijui tofauti ya mambo makubwa na madogo. Nina ushahidi wa Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Taifa Stars na Uganda. Hatukuwa tumecheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu 1980, kwa hiyo watu wenye wajukuu walikuwa hawajui inakuwaje. Uwanja umejaa, tumesimama kwa wimbo wa taifa, mkono kifuani, hakuna anayecheza hata kope. Nyuma yangu kulikuwa na mtoto amebebwa begani na baba yake, ana lambalamba nyekundu, na baba naye kwa heshima ya taifa amesimama wima bila kumtazama. Tone la kwanza lilinipata kwenye kisogo. Likateremka taratibu ndani ya jezi, likafuata uti wa mgongo kama linatafuta nyumba ya mtu. Mwili mzima ukasimama vinyweleo, kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Mzee mmoja pembeni yangu, amejifunga bendera shingoni, aliuona mkono wangu ule uliokuwa kifuani. Akautazama. Akanitazama usoni. Macho yakamlenga machozi. Wimbo ulipoisha akanishika bega, akasema, "Kijana, nchi ikiwa na watu kama wewe kumi, tungekuwa mbali." Ungemwambia nini mzee kama huyo? Nikamwambia, "Ahsante, mzee," na tone la pili ndio linaingia.

Msuva akafunga. Kipindi cha pili Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akapiga la tatu, na habari za Lesotho, waliokuwa wakigombea nasi nafasi ya fainali, kutoka Cape Verde zilipokaa sawa, uwanja ukawa hauna tena viti wala majukwaa, ni watu tu. Mzee wa bendera akanikumbatia. Nikasisimka upya, safari hii mpaka masikioni. Niligeuka nyuma kuhakikisha: mtoto amebaki na kijiti, hana kitu. Basi hiyo ilikuwa halali. Lakini kwa mzee, ya kwanza na ya pili zilikuwa kitu kimoja, na ukinipima mkono mimi mwenyewe nisingeweza kukuambia ipi ya nchi na ipi ya sukari.

Na kuna sisimko la chaki, ambalo halina utukufu wowote. Darasa lenye wanafunzi wengi lingeweza kumpigia kelele mwalimu nusu saa nzima; chaki mpya ikikwaruza ubao mara moja, wote kimya, mabega yamegusa masikio. Dawa ilijulikana, kuivunja chaki katikati, ila mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mbahili wa vifaa vya serikali. Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani waliichunguza sauti ya aina hiyo kwa kukwaruza kibao kwa zana ya bustani, wakaiondolea zile sauti kali za juu, na wasikilizaji wakateseka vilevile. Mwaka 2006 walipewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza. Sisi tuliokaa dawati la mbele hatujapewa kitu.

Baridi nayo ni chanzo kikongwe, na aliyezaliwa pwani haijui mpaka apande Njombe mwezi wa saba, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Nilikwenda kwa harusi. Mhudumu wa nyumba ya wageni, binti mwenye sweta mbili na kitenge juu yake, aliniahidi maji ya moto alfajiri, akayaleta kweli, akaweka ndoo bafuni na kunitakia asubuhi njema. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba utafiti wa 2020, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kuwa baridi ya muda mrefu huamsha mizizi ya nywele ikaanza kuotesha mpya. Mimi utosi umeshaanza kung'aa, nikasema walau hali ya hewa itanisaidia. Nikajaza kopo, nikajimwagia.

Sauti iliyonitoka sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nje, viatu vikakimbia mpaka mlangoni.

"Kaka! Kuna nyoka?"

"Hapana, dada. Umenichanganyia ndoo. Nimejimwagia ya baridi."

Kimya kidogo.

"Hiyo ndiyo ya moto, kaka. Ya baridi bado naivunja barafu."