Muulize Somo: Theluji Shingoni, Asumini Matatani

Somo hujibu barua za manukato tu. Mambo ya waume, wakwe na mikopo yana wenyewe katika kurasa nyingine. Majina ya waandishi yamefichwa, harufu zao haikuwezekana.

*Somo yangu, shikamoo. Dada yangu anayeishi Toronto ameniletea vichupa vya mafuta ya baridi, kimoja kinaitwa theluji. Nilijipaka nikaenda maulidini. Nilipokaa tu, shangazi mmoja akanisogelea, akavuta pumzi, akanishika mkono na kuniuliza kwa upole nani amefariki. Nimedhalilika. — Mpole wa Kibokoni, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Shangazi hana kosa. Pua yake ilimwambia kafuri, na kafuri kwetu ina kazi moja inayofahamika na kila mtu: yale maji ya mwisho ya kumwosha maiti. Aliyetengeneza mafuta yako hakulifikiria hilo, kwa sababu alikuwa na shida yake mwenyewe. Theluji ni maji, na maji safi yakiganda hayana la kuiambia pua. Hakuna ua la theluji la kuchuma wala gome lake la kuchemsha. Kwa hiyo fundi huibuni: mnanaa, majani ya msonobari, mkaratusi, mara nyingi na kafuri, kisha vanila au miski nyeupe ili mtu aone weupe akifumba macho.

Hila kubwa imo kwenye mnanaa. Mentoli yake huamsha vipokezi vilevile vya neva ambavyo kazi yake ni kutoa taarifa kwamba kuna baridi, ndiyo maana ngozi husikia ubaridi na hali joto lake halijashuka. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwenye maabara yake, walitumia mentoli kukisaka kipokezi hicho, na mwaka 2021 wakapewa Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya hisia za joto na mguso. Basi ukisema ulisikia kipupwe shingoni Mombasa mwezi wa Februari, hukusema uongo. Ngozi yako imedanganywa kitaalamu.

Tatizo lako ni saa, si chupa. Mnanaa, mkaratusi na kafuri ni vyepesi, hupaa mapema, na kwa joto la pwani hupaa mbio. Vizito huja baadaye: mti, utomvu, miski, vanila. Wewe ulijipaka mlangoni ukampelekea shangazi robo saa ya kwanza, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Safari nyingine jipake kabla ya kupiga pasi na kuwavisha watoto, utoke saa nzima imepita. Shangazi atakutana na mti na vanila, atakuuliza umenunua wapi. Akiuliza tena nani amefariki, basi mafuta hayo yawe ya kulalia. Usiku wa joto usio na umeme utamshukuru dada yako.

*Somo, mimi na jirani yangu tulinunua chupa moja ya mafuta ya asumini tukagawana. Yeye akipita, makondakta wanasahau kudai nauli. Mimi nikijipaka nasikia banda la mbuzi. Mama anasema nina jini asiyependa maua. — Nimekosa Nini, Tanga*

Mwambie mama amwache jini apumzike. Banda la mbuzi limo ndani ya chupa, kwenu nyote wawili.

Asumini ya kweli ina kitu kiitwacho indoli. Indoli hiyohiyo imo kwenye kinyesi, samahani kwa wanaosoma wakila. Ikiwa kidogo ndiyo inayolipa ua uhai, ule uzito wa usiku unaokufanya ugeuke njiani kutafuta mti uko wapi. Ikiondolewa yote, unabaki na asumini ya sabuni ya kuoshea vyoo, safi kabisa, haina dhambi na haina maana. Maua ya mchungwa nayo yana indoli, kwa hiyo usije ukahamia huko ukidhani umeponyoka.

Sasa swali la kwa nini yeye malaika na wewe mbuzi. Fikiria mnavyonusana. Jirani unamsikia akipita, hatua tatu kutoka ulipo, upepo umeshayachuja mafuta yake. Wewe mwenyewe unajinusa pua imegusa ngozi. Hapo humlinganishi jirani na wewe, unalinganisha mbali na karibu. Mafuta hayana spiriti ya kuyarusha hewani, hukaa palepale ulipoyaweka, na mwenye kujibandika pua juu yake hukutana na kila kilichomo, pamoja na siri za ua. Bibi zetu walikuwa na akili zaidi yetu. Kikuba chao kilichanganya asumini na mrihani na mkadi, kikavaliwa kifuani au kwenye nywele, kikamfikia mtu kikiwa safarini. Hakuna aliyekisaga kwenye kifundo cha mkono halafu akakivuta puani akisubiri hukumu.

Fanyeni jaribio, na mlifanye kwa haki. Ogeni sabuni moja, isiyo na harufu kali. Kila mmoja tone moja, mahali pamoja. Wewe kaa ukumbini, jirani asimame mlangoni akunuse. Kisha badilishaneni. Rudieni baada ya saa mbili. Ngozi hutofautiana, hilo ni kweli: iliyo kavu haishiki harufu kwa muda mrefu, yenye mafuta yake huishika, na jasho huingia kwenye mazungumzo bila kukaribishwa. Lakini watu huanza na ngozi kabla ya kumaliza maswali mepesi. Ikithibitika kwamba hata kutoka mlangoni wewe ni mbuzi, tia lile tone kwenye pindo la kanga badala ya shingo. Kanga haina jasho lake yenyewe.

Na mliuziwa kwa shilingi ngapi? Kama ilikuwa bei ya soda, asumini hiyo imetoka maabara wala haijawahi kuuona mti. Si dhambi. Ila hapo hata mbuzi hana hatia.

*Somo, nasikia manukato ya baridi ya Ulaya ni mdalasini. Ninayo mafuta halisi ya mdalasini. Nijipake shingoni? — Mwenye Haraka, Morogoro*

Hapana.

Mhariri anasema jibu ni fupi mno kwa nafasi iliyotengwa. Basi: mafuta makali ya mdalasini yasiyozimuliwa huwasha na kuunguza ngozi, na ya karafuu nayo si mpole. Umoja wa Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuvitaja kwa jina kwenye lebo viini vinavyowadhuru watu wengi wenye mzio vikizidi kiwango, na kiini cha mdalasini na kile cha karafuu vimo kwenye orodha. Nunua chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Hata hiyo, tia tone upande wa ndani wa kiwiko, usubiri siku mbili. Mafuta ya ndimu na bergamoti usitoke nayo juani, huweza kuacha mabaka. Nenda polepole, ndugu yangu. Jina lako limenitia wasiwasi.

*Somo, mimi ni mume, niko Muscat. Tukienda soko la Muttrah mke wangu hujaribu mafuta mpaka mikono yake inakwisha, anahamia yangu. Muuzaji anatupa buni tunuse ili pua itulie. Tunarudi nyumbani na chupa ambayo kesho yake hakuna anayeitambua. Je, tumerogwa? — Mikono Minne*

Mmeuziwa, ambalo ni jambo la kawaida zaidi. Ile buni ni tamthilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watu walionusa kahawa katikati ya harufu nyingine, na hawakufanya vizuri kuliko walionusa hewa tupu. Pua ikizoea harufu inaacha kuitangaza, na dawa yake ni kuipumzisha: toka nje, au nusa kanzu yako mwenyewe, upande usiopakwa kitu. Kahawa ya muuzaji inywe, ndiyo heshima yake.

Mkifika dukani, vikaratasi vitumike kukataa. Kinachochukiza kwenye karatasi hakistahili mkono. Lakini kinachopendeza kwenye karatasi bado hakijashinda, kwa sababu karatasi haina joto. Vile viwili vilivyobaki, kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto, kisha ondokeni. Naam, bila kununua. Muuzaji atashika moyo, atashusha bei, atamtaja mama yake. Tembeeni ufukweni mpaka magharibi, mle, mnusane njiani, mwende mkalale. Asubuhi mtajua ni kipi kilichobaki na kama mngependa kuamka nacho miaka mitano. Ndipo mnunue robo tola, si tola nzima.

Mkono wako usiulalamikie. Mke anayemtumia mumewe kujaribu waridi anapata majibu mawili kwa bei ya moja. Na kama ni waridi mnalolitafuta, pandeni Jabal Akhdar mwezi wa Aprili wakati wa kuchuma, mnuse ua lenyewe kwanza ili mjue mnadanganywa kwa kiasi gani. Kilo moja ya mafuta halisi ya waridi hula tani tatu za petali na zaidi. Anayekupa ndoo yake kwa riali chache ana ukarimu usioelezeka.

*Somo wangu, nilinunua miski nyeupe. Siisikii kabisa. Nimeongeza tone, nikaongeza, bado. Mume wangu anapiga chafya na kufungua madirisha. Nadhani anataka kunikatisha tamaa. — Bado Siisikii, Dodoma*

Acha kuongeza, leo hii, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Molekuli za miski ya kisasa ni kubwa na nzito, na watu wengi wenye pua nzima kabisa hawazisikii baadhi yake. Mtu anaweza kusikia samaki wa nyumba ya tatu na asisikie miski iliyo kwenye mkono wake mwenyewe. Amezaliwa hivyo, hakuna dawa na hahitaji dawa. Wenye maduka wanalijua hili, ndiyo sababu wengi huchanganya miski kadhaa kwenye chupa moja ili kila pua ipate fungu lake. Kwa hiyo katika jambo hili mwamini mumeo, ushauri ambao Somo hautoi mara kwa mara. Chupa mpe yeye aihesabu. Yeye ndiye anayeisikia.

*Somo, salaam kutoka Minneapolis. Mimi ni mtu wa Lamu. Kazini wanasifu mafuta ya "usiku wa baridi", nami nikanunua. Nikafungua: karafuu, mdalasini, chungwa, ubani. Nimelipa dola kwa harufu ya jikoni kwa mama siku ya Idi. Nidai fedha zangu? — Nimerudishwa Nyumbani*

Usidai, kaka. Mimea iliyokuzunguka huko imelala miezi kadhaa, na baridi inaifanya hata takataka isinuke. Watu wa nchi za baridi walipotaka harufu ya majira hayo iliwabidi iletwe kwa meli, na meli ilijaza viungo kutoka kwetu na kwa jirani zetu. Ubani ni wa Dhofar, mdalasini ulio bora ni wa Sri Lanka. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ukaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu Unguja na Pemba ndizo zilizoilisha dunia karafuu. Siku hizi Indonesia ndiyo inayovuna nyingi kuliko wote, na sehemu kubwa inaivuta kwenye sigara zake. Kwa maneno mengine, baridi ya Minneapolis ni Bahari ya Hindi iliyovaa koti. Wewe umelipa nauli tu.

Ila uangalie matumizi, maana hapo ndipo watu wa pwani huaibika. Nje kukiwa na barafu, harufu haipandi: ngozi imefunikwa, hewa ni kavu, pua nayo imekauka. Utajipaka tone, hutasikia kitu, utaongeza la pili, la tatu, utatoka ukijiona maskini. Kisha utaingia ofisini. Vipasha joto vinanguruma, koti unalivua, na matone yote matatu yanaamka kwa pamoja. Kufikia saa nne mtu wa dawati la tatu atakuwa amehamia chumba cha mikutano na kompyuta yake. Tone moja, basi, ulipime ndani ya nyumba yenye joto wala si kituo cha basi. Tanguliza mafuta mazito yasiyo na harufu mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevunyevu, kwa sababu baridi kavu hukuachia ngozi isiyoshika kitu. Ukitaka harufu ikusindikize nje, igusishe kwenye skafu, karibu na pua yako.

Na mama akipiga simu kuuliza unanukia nini siku hizi, mwambie pilau. Atafurahi bure.

Kwa ufupi

Wa Ilala: hapana, mafuta ya theluji hayasaidii feni iliyoungua.

Mwanafunzi wa Bukavu: kusugua vifundo vya mikono hakuvunji molekuli. Kunapasha joto ngozi, na ile harufu nyepesi ya mwanzo inakimbia. Gusa tu, uache.

Bibi wa Pangani anayeuliza kama umri wake unaruhusu langilangi: bibi, waulize wanaokukataza wao wananukia nini.

Bwana Harusi wa Tabora, unauliza matone mangapi. Moja. Bibi harusi atakuwa amefukizwa udi tangu asubuhi, yeye na nguo zake na mashangazi wote waliomzunguka, na ukishaingia chumbani hutabaki na pua ya kujinusa mwenyewe.